Imeli yako ndiyo ufunguo wa hela yako: nyufa tatu za kuziba Ijumaa hii

Leo hatuongelei ada wala kubadilisha fedha. Leo tunaongelea mlango ambao hela yako inapitia, maana wengi tunahesabu hela vizuri halafu mlango tunauacha wazi.

Nianze na kisa. Mwezi uliopita dada mmoja anayefanya kazi za ndani hapa Muscat alinipigia simu analia. Alikuwa ameweka rial 80 kila mwezi kwa miezi 8. Piga hesabu: rial 640. Ilikuwa hela ya bati za nyumba yake Tanga. Duka la vifaa vya ujenzi lilimtumia ankara kwa imeli. Jina la duka ni lile, nembo ni ile, idadi ya bati ni ile, bei ni ile waliyokubaliana. Kitu kimoja tu kilibadilika, namba ya akaunti ya benki. Chini kuna maneno ya upole: akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipia kwenye hii. Akalipa. Baada ya wiki kaka yake akaenda na kirikuu kuchukua bati. Duka likasema halijaona hata senti.

Ijumaa yake nilikaa naye, tukafungua imeli yake kwenye kompyuta. Tulikuta mambo mawili. La kwanza, kulikuwa na agizo kwamba kila barua inayoingia, nakala yake iende kwenye anwani nyingine ambayo yeye hajawahi kuiona. La pili, kulikuwa na agizo kwamba barua yoyote inayotoka kwenye lile duka isikae kwenye kikasha, iende moja kwa moja kwenye taka. Yaani mwizi alikuwa anasoma kila kitu kimya kimya, na barua za kweli za duka alikuwa anazificha. Alisubiri ankara itoke, akabadilisha namba ya akaunti, akaituma yeye kwa anwani inayofanana na ya duka, imezidi herufi moja.

Nikamuuliza, hii imeli nani alikufungulia? Akasema kijana wa steshenari, siku ile ya kuandaa makaratasi ya pasipoti. Nywila ni jina lake na mwaka wa kuzaliwa. Kijana aliiandika kwenye kikaratasi akampa, na tangu siku hiyo haijabadilishwa. Miaka mitatu. Sisemi ni yule kijana aliyeiba. Nasema mlango ulikuwa wazi miaka mitatu, na anayepita barabarani yeyote angeweza kuusukuma.

Hela haijarudi. Na mimi, mhasibu mzima, nilikuwa nimeshamfundisha kuandika bajeti kwenye daftari lakini sikuwahi kumuuliza habari ya imeli. Ndiyo maana ya somo hili.

Kwani imeli ina uhusiano gani na hela?

Fanya jaribio dogo. Fungua programu unayotumia kutuma hela nyumbani. Jifanye umesahau nywila. Inakwambia nini? Mara nyingi inasema tumekutumia linki kwenye imeli yako. Fanya hivyo hivyo kwa akaunti ya benki ya mtandaoni, Facebook, hata kwa simu yenyewe ya Android.

Umeona sasa? Mwenye imeli yako hahitaji kujua nywila zako nyingine. Anabonyeza "nimesahau", linki inakuja kwake, anaweka nywila mpya. Humo humo kuna nakala ya pasipoti uliyomtumia ajenti, mkataba wako wa kazi, risiti zako zote za kutuma hela. Yeye akikaa nusu saa anajua unalipwa lini, unatuma kiasi gani, na unamtumia nani.

Kwa hiyo ukiwa na nywila kumi, ya imeli ndiyo mama yao.

Imeli ina nyufa za aina tatu. Ya kwanza iko kwenye bahasha, ya pili kwenye programu, ya tatu iko kwetu sisi wenyewe. Kila moja dawa yake ni tofauti, na ukitumia dawa ya moja kwa nyingine haiponi.

Ufa wa kwanza: bahasha haiulizi kitambulisho

Utaratibu wa kupitisha imeli unaotumika mpaka leo uliandikwa mwaka 1982 na Mmarekani mmoja, Jon Postel. Wakati ule mtandao ulikuwa wa watafiti, wa vyuo vikuu na taasisi za serikali. Watu wachache, wengi wanajuana. Hivyo hawakuweka mtu mlangoni wa kuuliza "wewe ni nani?" Ilikuwa kama posta: nyuma ya bahasha unaweza kuandika jina lolote la mtumaji, karani hakuombi kitambulisho.

Miaka ikapita, mtandao ukajaa watu wa kila namna, wakaona lazima waongeze ukaguzi. Sasa kampuni za imeli zinaangalia kama barua imetoka kwenye kompyuta inayoruhusiwa kutumia jina hilo, na kama ina muhuri wa siri wa mwenye jina. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza zaidi: wanaotuma barua kwa wingi lazima wawe na mihuri hiyo, la sivyo barua zao zinakataliwa au zinatupwa kwenye taka.

Huo ukaguzi unasaidia, lakini ujue mpaka wake. Unazuia mtu kutumia anwani ya duka lako. Hauzuii mtu kusajili anwani nyingine inayofanana na ya duka, akaweka mihuri yote, akakutumia barua safi kabisa kisheria ya mtandao. Kuna ujanja wa herufi ambao hata mimi nimewahi kuupita: r na n zikikaa pamoja kwenye skrini ndogo zinaonekana kama m. Au o inabadilishwa kuwa sifuri. Au inaongezwa s moja mwishoni.

Na simu zetu zinamsaidia mwizi bila kujua, kwa sababu skrini ni ndogo, programu ya imeli inaonyesha jina tu, anwani inaifichia ndani. Jina kila mtu anaweza kuandika analotaka. Mimi naweza kufungua imeli sasa hivi nikajiita Benki Kuu.

Dawa: barua yoyote inayotaja hela, gusa jina la mtumaji mpaka anwani kamili itokee. Isome herufi kwa herufi, kama unavyosoma namba ya pasipoti. Linganisha na barua ya zamani uliyoiamini.

Ufa wa pili: programu yenyewe ina kasoro

Hapa ndipo watu wengi hawajui, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Programu ya imeli imeandikwa na binadamu, na binadamu anakosea. Mistari ni mingi mno, na katikati yake kunabaki kosa moja, mlango mdogo ambao fundi alisahau kuufunga. Anayeugundua kwanza akiwa mwema, anawaambia wenye programu. Akiwa mwizi, anautumia.

Chukua mfano wa Mei 2000. Watu wengi duniani walipokea barua yenye kichwa cha habari ILOVEYOU, nakupenda, kutoka kwa mtu wanayemjua. Ndani kulikuwa na kiambatisho kinachoonekana kama barua ya maandishi tu. Kumbe jina la faili lilikuwa na mkia mwingine mwishoni, mkia unaosema "mimi ni programu", na Windows ya wakati ule ilikuwa na tabia ya kuuficha mkia wa mwisho. Ukiifungua, inaharibu mafaili yako, halafu inaingia kwenye orodha ya anwani ndani ya Outlook na kujituma kwa kila mtu unayemjua. Kwa jina lako. Ndani ya siku chache ilikuwa kwenye mamilioni ya kompyuta. Hata Bunge la Uingereza lilizima mfumo wake wa imeli kwa muda.

Ilitoka wapi? Manila, Ufilipino, nchi ya wale dada tunaokutana nao kwenye foleni za kutuma hela. Kijana aliyeitengeneza alikuja kusema miaka mingi baadaye kwamba alitaka nywila za watu ili aingie kwenye intaneti, kwa sababu yeye hakuwa na hela ya kulipia. Hakufungwa, maana Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Ikatungwa mwezi uliofuata. Siku hizi sheria zipo: Oman tangu 2011, Tanzania tangu 2015, Kenya tangu 2018. Kwa hiyo ukiibiwa usidhani polisi hawana pa kuanzia.

Angalia kwamba ILOVEYOU ilihitaji wewe ufungue. Kwa hiyo ushauri wa zamani ulikuwa "usibonyeze usichokijua." Ni ushauri mzuri mpaka leo, na kwenye simu zetu nauongezea hivi: kiambatisho kikiishia na herufi apk, hiyo ni programu. Si risiti, si picha, si fomu ya mshahara. Futa. Programu zichukuliwe kwenye duka la programu la simu tu.

Lakini sasa sikiliza mfano wa pili. Tarehe 14 Machi 2023 Microsoft walitangaza kasoro kwenye Outlook ya Windows. Ilikuwa hivi. Outlook ina vikumbusho vya kalenda, na kikumbusho kinaweza kubeba maelekezo ya mlio: muda ukifika, chukua sauti ile mahali fulani uipige. Wezi wakatuma vikumbusho vinavyosema sauti iko kwenye kompyuta yao. Outlook ikaenda kuichukua. Ilipobisha hodi kule, ikajitambulisha yenyewe kwa alama ya siri ya mwenye kompyuta, na mwizi akaidaka hiyo alama.

Mwenye kompyuta alifanya nini? Hakufanya kitu. Hakubonyeza, hakufungua hata barua. Ilitosha barua ifike. Na ilikuja kujulikana kwamba walioitumia walikuwa wameanza tangu 2022, wakilenga ofisi za serikali na makampuni huko Ulaya.

Sasa usiogope ukatupa simu. Kasoro ile haikugusa Outlook ya kwenye simu, na wewe na mimi hatukuwa walengwa. Nimeieleza kwa sababu inatufundisha jambo moja: kuna nyufa ambazo uangalifu wako hauzibi. Hata uwe makini kiasi gani, ufa wa programu anauziba mwenye programu, kwa kukutumia sasisho. Kazi yako ni kulipokea.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sana watu wa kipato chetu. Sasisho likitoka, wezi nao wanalisoma. Wanaangalia fundi ameziba wapi, wanajua ufa ulikuwa wapi, halafu wanatafuta wale ambao hawajasasisha. Kwa hiyo tangu siku sasisho linatoka, anayechelewa ndiye anayetafutwa. Ule ujumbe unaouahirisha kila siku ukisema "bando litaisha" ndio huo.

Najua sababu. Bando ni ghali, simu imejaa, na siku ya mapumziko ni moja tu, wengine hata hiyo hawana. Fanya hivi: futa video za zamani za WhatsApp upate nafasi, halafu ukipata waifai ya kuaminika, ya nyumbani kwa bosi kama amekuruhusu au ya kwa ndugu, acha simu kwenye chaji usiku isasishe programu zote na mfumo wenyewe.

Kisha angalia umri wa simu. Ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya habari za simu, utaona tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama tarehe hiyo ni ya miaka miwili au mitatu nyuma na simu inasema haina sasisho jipya, maana yake kiwanda kimeshaiacha. Simu kama hiyo iache kwa kupiga na kusikiliza redio. Usiweke imeli ya hela humo. Ukinunua simu ya mtumba, hiyo tarehe iangalie kabla ya kuangalia kamera. Na ukiuza yako, toa akaunti zako, halafu ifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani.

Wanaotumia kompyuta: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta za internet cafe nyingi ni za zamani kuliko hapo. Usifungulie imeli yako huko.

Ufa wa tatu: sisi wenyewe

Ufa huu hauhitaji fundi. Ndio uliomliza dada wa Tanga. Kwetu sisi tulio nje una sura nne.

Sura ya kwanza, imeli uliyofunguliwa na mtu. Ajenti, ofisi iliyokuleta, kijana wa steshenari, mpwa wako. Walikusaidia, tunawashukuru, lakini wanaijua nywila, na pengine namba ya simu iliyowekwa humo ya kurejesha akaunti ni yao. Imeli hiyo si yako bado.

Sura ya pili, laini ya nyumbani. Ulipofungua imeli uliweka namba ya Tanzania, Kenya au Uganda. Sasa uko Qatar mwaka wa pili, laini iko kwenye begi haijawekwa salio. Kampuni za simu zinafunga laini isiyotumika, na baadaye namba ile ile anauziwa mtu mwingine. Siku akiamua, au siku wewe mwenyewe ukisahau nywila, namba ya uthibitisho inaenda kwa huyo mgeni. Umemkabidhi ufunguo mtu usiyemjua hata jina.

Sura ya tatu, nywila moja kila mahali. Yahoo walikuja kukiri mwaka 2017 kwamba wizi uliotokea kwao mwaka 2013 uligusa akaunti zote walizokuwa nazo, bilioni 3. Ukiwa umetumia nywila ile ile kwenye imeli nyingine na kwenye programu ya hela, mwizi anaijaribu kote. Kampuni imeibiwa, wewe ndiye unayelipa.

Sura ya nne, kifaa cha watu. Uliazima tableti ya mtoto wa bosi kuangalia imeli mara moja. Hukutoka. Mpaka leo iko wazi humo.

Saa moja ya Ijumaa

Kaa na daftari na kalamu. Kama menyu za Kiingereza au Kiarabu zinakuchanganya, simu nyingi za Android zinaweza kubadilishwa lugha iwe Kiswahili, ingia Mipangilio, sehemu ya Lugha. Natumia mfano wa Gmail kwa sababu wengi ndiyo mnayo.

1. Badilisha nywila ya imeli. Tumia maneno manne ambayo hayana uhusiano, marefu, ambayo hayamo kwenye Facebook yako. Jina la mtoto hapana. Tarehe ya kuzaliwa hapana. Nywila hii isitumike popote pengine.

2. Ndani ya akaunti yako ya Google, sehemu ya Usalama, angalia namba ya simu na imeli ya kurejesha akaunti. Ondoa ya ajenti. Ondoa ya laini iliyokufa. Weka namba uliyonayo mkononi leo. Ukihama nchi, badilisha hapo kabla ya kuitupa laini. Hiyo iandike kwenye orodha yako ya safari pamoja na kulipia begi.

3. Hapo hapo angalia orodha ya vifaa vilivyoingia. Kifaa usichokijua, kitoe.

4. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Ukiweza usitegemee SMS peke yake, tumia programu ya kutoa namba za uthibitisho. Google pia inakupa namba za akiba 10. Ziandike kwenye karatasi, uiweke na vitu vyako vya thamani. Usizipige picha ukajitumia kwenye imeli ile ile, hapo utakuwa umefungia ufunguo ndani ya nyumba.

5. Hatua hii ifanye kwenye kompyuta unayoiamini, kwa sababu kwenye programu ya simu sehemu hizi hazionekani zote. Fungua Gmail, ingia mipangilio yote, angalia sehemu ya vichujio na sehemu ya kusambaza barua. Ukikuta anwani usiyoijua, au agizo la kufuta na kuficha barua ambalo hukuliweka, piga picha ya skrini kwanza, halafu lifute. Kubadilisha nywila peke yake hakuondoi maagizo haya. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanabadilisha nywila wanalala, kumbe nakala zinaendelea kwenda.

6. Andika tarehe kwenye daftari. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Na kama una imeli ya pili ya akiba, ifungue mara kwa mara, maana Google wana haki ya kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, na mkataba wa wengi wetu ni miaka miwili.

Kanuni ya mhasibu

Hata ukiziba nyufa zako zote, duka la Tanga nalo lina imeli, na fundi naye, na shule ya mtoto nayo. Huwezi kuwazibia. Kwa hiyo lazima uwe na kanuni inayokulinda hata imeli ya mwenzako ikiwa imeshavamiwa.

Sisi wahasibu hatulipi kwa sababu karatasi imesema. Tunachukua oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara, tunaziweka pamoja. Zikikubaliana ndiyo tunalipa. Karatasi moja ikisimama peke yake, inasubiri.

Wewe fanya hivi. Namba ya akaunti ikibadilika, au ikija mpya, usilipe mpaka uongee kwa sauti na mtu unayemjua, kwa namba ya simu uliyokuwa nayo kabla ya barua hiyo. Usipige namba iliyoandikwa kwenye barua, maana hiyo nayo ni ya mwizi. Usiulize kwa kujibu imeli, maana atakayekujibu ni yeye. Mwambie dukani: nisomee namba ya akaunti yenu. Yeye asome, wewe ulinganishe. Usimsomee wewe, mtu mwenye haraka atasema "ndiyo, ndiyo".

Angalia pia jina la akaunti. Ankara ya duka, halafu akaunti ya mtu binafsi? Simama. Na kama kiasi ni kikubwa, tuma kidogo kwanza, piga simu uulize kama imefika, ndipo utume iliyobaki. Utalipa ada mara mbili. Linganisha hiyo ada na rial 640.

Ukiona barua inakuharakisha, leo kabla ya saa kumi, bei inapanda kesho, hiyo haraka ndiyo sababu ya kuchelewa.

Kama imeshatokea

Usikae na aibu. Kila saa ina thamani. Anza na hela: piga simu kwa kampuni uliyotumia au benki, uombe wasimamishe. Kama ilitumwa ichukuliwe taslimu na bado haijachukuliwa, mara nyingi inaweza kuzuiwa. Iliyotumwa benki, omba benki yako iwasiliane na benki iliyopokea siku hiyo hiyo. Pili, badilisha nywila ukitumia simu nyingine iliyo safi, toa vifaa vyote, futa maagizo ya kusambaza. Tatu, waambie wa nyumbani kwa sauti, mama na kaka na fundi, kwamba imeli yako imevamiwa wasifuate kitu chochote kinachotoka humo. Nne, hifadhi barua, risiti na picha za skrini, uende polisi, na nyumbani ndugu aende pia, kwa sababu akaunti iliyopokea iko kule.

Dada wa Tanga ameanza upya. Rial 80 ya kwanza ameshaiweka. Kaka yake sasa ndiye anayesomewa namba dukani, kisha anampigia dada yake kumsomea. Bati zitachelewa mwaka huu, lakini zitapigwa.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii: jibu maswali matatu kwenye daftari lako. Imeli yangu nani alinifungulia? Namba ya kurejesha akaunti ni ya laini gani, na laini hiyo iko wapi leo? Simu yangu ilipata sasisho la usalama mara ya mwisho lini? Kama kuna swali moja ambalo huna jibu lake, usitume hela kubwa mwisho wa mwezi huu mpaka ulipate. Na ukishamaliza yako, mfanyie mwenzako mmoja asiyejua kusoma vizuri, ila nywila yake mwache aiandike mwenyewe, wewe ugeukie ukutani.